Alfred Smith: Gavana Aliyeshindwa Akarudi

Kila uchaguzi unapokaribia waamini hutuuliza: je, Mkristo anaweza kuingia katika siasa na kubaki na dhamiri safi? Leo tumtazame mlei mmoja Mkatoliki, Alfred Smith, gavana wa jimbo la New York nchini Marekani.

Alizaliwa tarehe 30 Desemba 1873 katika mtaa wa maskini jijini New York, na utotoni alitumikia altareni katika parokia ya Mtakatifu Yakobo. Baba yake alipofariki, aliacha shule ili amsaidie mama yake, akafanya kazi katika soko la samaki. Chuo hakukiona.

Mwaka 1903 alichaguliwa kuingia bunge la jimbo. Tarehe 25 Machi 1911 kiwanda cha nguo cha Triangle kiliungua na kuua watu 146, wengi wao wasichana wahamiaji. Mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Smith akawa makamu mwenyekiti wa tume iliyochunguza viwanda. Aliyoyaona humo yakazaa sheria za kuwalinda wafanyakazi.

Mwaka 1918 alichaguliwa gavana kwa tofauti ndogo ya kura. Enzi hizo kipindi cha gavana wa New York kilikuwa miaka 2 tu, hivyo mtu hakukaa sana kabla ya kurudi kwa wananchi kuomba kura.

Mtihani ulikuja mwaka 1920. Hofu ya ukomunisti ilikuwa imetanda, na bunge la jimbo likawafukuza wajumbe 5 wa chama cha Kisoshalisti waliochaguliwa kihalali. Smith hakuwa msoshalisti, lakini alipinga hadharani. Bunge lilipopitisha miswada ya kupima uaminifu wa walimu kwa serikali, alikataa kuitia sahihi. Na huo ulikuwa mwaka wa uchaguzi.

Novemba alishindwa na Nathan Miller. Tuseme kweli: chama chake kilianguka nchi nzima mwaka huo, si yeye peke yake. Hata hivyo, alijua hatari ya msimamo wake na hakuuacha. Alikubali matokeo, akaenda kufanya kazi katika kampuni ya usafirishaji. Miller akazitia sahihi sheria zile. Mwaka 1922 Smith alirudi, akamshinda Miller kwa kura zaidi ya 380,000, na mwaka 1923 sheria hizo zikafutwa. Alishinda tena mwaka 1924 na 1926.

Mwaka 1928 akawa Mkatoliki wa kwanza kuteuliwa na chama kikubwa kugombea urais wa Marekani. Wapo walioeneza kwamba Papa angetawala kupitia kwake. Alishindwa vibaya, hata katika jimbo lake mwenyewe.

Hakuwa malaika. Alilelewa kisiasa na Tammany Hall, kundi lililojulikana kwa rushwa, na uzeeni alimpinga kwa uchungu Franklin Roosevelt, rafiki yake wa zamani. Alifariki tarehe 4 Oktoba 1944. Miaka 16 baadaye Mkatoliki mwingine, John Kennedy, alichaguliwa rais.

Ndugu waseminari, kesho mtaungamisha wagombea walioshinda na walioshindwa. Wakumbusheni kwamba kura hutoa cheo, lakini haiwezi kutoa dhamiri. Hiyo mtu huingia nayo ofisini, na hana budi kutoka nayo.