Nikola Tesla: Aliunda mashua ya kuongozwa kwa redio, ikakosa mnunuzi

WENGI wanaounda mashua ndogo za mashindano na kuziongoza kwa redio wakiwa ukingoni mwa bwawa hawafahamu kuwa wazo hilo lilionyeshwa hadharani tangu mwaka 1898. Aliyelionyesha ni Nikola Tesla, mhandisi anayekumbukwa zaidi kwa mfumo wa umeme unaofika majumbani hadi leo.

Tesla alizaliwa Julai 10, 1856 katika kijiji cha Smiljan, ambacho sasa kiko nchini Croatia, katika familia ya Waserbia. Baba yake, Milutin, alikuwa kasisi wa Kanisa la Orthodox. Mama yake hakupata elimu ya shule, lakini alikuwa hodari wa kutengeneza zana za nyumbani, na Tesla aliamini kuwa kipaji chake alikirithi kwa mama huyo.

Mwaka 1884 alihamia New York, Marekani. Miaka minne baadaye, hataza zake za mota za mkondo geu zilichukuliwa na kampuni ya Westinghouse, na jina lake likavuma. Hata hivyo, Machi 1895 moto uliteketeza maabara yake, na kazi ya miaka mingi ikawa majivu. Alianza upya katika maabara nyingine jijini humo, na huko ndiko alikoiunda mashua yake.

Kilikuwa chombo cha chuma chenye urefu wa zaidi ya mita moja. Ndani yake mlikuwa na betri, mota ya kuzungusha rafadha na nyingine ya kugeuza usukani, na juu yake taa. Ugumu ulikuwa jinsi ya kukifanya chombo hicho kipokee amri, kwani wakati huo vipuri vya redio havikuwapo madukani.

Tesla alitumia kichupa chenye chembechembe za chuma. Mawimbi yalipokifikia, chembe hizo zilishikamana na kupitisha umeme, na swichi ikasogea hatua moja. Kisha kichupa kilipinduliwa ili chembe ziachane, tayari kwa amri nyingine. Kwa hatua hizo usukani uligeuka upande mmoja, ukasimama, kisha ukageuka upande wa pili.

Mwaka huo wa 1898 aliionyesha mashua hiyo katika bwawa lililotengenezwa ndani ya ukumbi wa Madison Square Garden. Watazamaji walipigwa na butwaa. Inasimuliwa kuwa wapo waliodhani ni uchawi, na wengine kwamba ndani amefichwa nyani aliyefunzwa. Tesla naye aliwafanyia mzaha: alipoulizwa kipeuo cha tatu cha 64, taa za mashua ziliwaka na kuzima mara nne.

Novemba 8, 1898 alipewa hataza namba 613,809. Marekani ilikuwa imetoka kupigana na Hispania mwaka huo, na Tesla alitumaini kuwa Jeshi la Wanamaji lingekitaka chombo kisichohitaji kupeleka mabaharia kufa. Aidha, aliamini kuwa silaha za aina hiyo zingekuwa za kutisha kiasi cha kuyafanya mataifa yaache vita. Jeshi hilo halikuvutiwa, na mwaka 1915 muda wa hataza ulimalizika.

Tesla alifariki dunia Januari 7, 1943 akiwa na umri wa miaka 86, peke yake katika chumba cha hoteli ya New Yorker, akiwa na madeni. Majivu yake yamehifadhiwa katika makumbusho yenye jina lake jijini Belgrade, Serbia.

Leo wazo lake limo katika mashua za kuchezea za watoto, na limo pia katika ndege zisizo na rubani zinazorusha mabomu. Silaha alizozitabiri zimekuja. Amani aliyotarajia ifuatane nazo haijaonekana.