Moriz Kaposi: Aliandika ugonjwa wa watoto wanaoharibiwa na jua, jibu likaja karibu miaka 100 baadaye

Wengi Afrika Mashariki walilisikia jina Kaposi miaka ya 1980 na 1990, UKIMWI ulipopamba moto na uvimbe wenye rangi ya zambarau iliyokolea ukaanza kuonekana kwenye ngozi za wagonjwa. Sakoma ya Kaposi, madaktari walisema.

Kumbe Kaposi alikuwa mtu, daktari wa ngozi wa Vienna. Na kuna ugonjwa mwingine alioueleza, unaojulikana na wachache, ambao ulikuja kuonyesha jinsi mwili unavyojikarabati kila siku bila sisi kujua.

Kutoka Kohn hadi Kaposi

Alizaliwa mwaka 1837 katika mji wa Kaposvár, Hungaria, kwenye familia ya Kiyahudi. Jina lake lilikuwa Moritz Kohn. Alisomea udaktari Chuo Kikuu cha Vienna na kuhitimu 1861.

Baadaye akaingia kwenye kliniki ya Ferdinand von Hebra, bingwa wa magonjwa ya ngozi wa enzi hizo. Kijana akawa msaidizi wake, kisha mkwe wake. Alibadili dini akawa Mkatoliki, na mwaka 1871 akabadili jina pia. Alichagua Kaposi, kwa kukumbuka mji alikozaliwa.

Watu walisema mengi kuhusu uamuzi huo. Maelezo yake mwenyewe yalikuwa mepesi tu: akina Kohn walikuwa wengi mno Vienna, na hakutaka kuchanganywa nao.

Watoto wenye ngozi ya kizee

Hebra alikuwa amesaidia kuthibitisha kwamba upele unaletwa na kijidudu kinachochimba ngozi. Yaani ukiangalia vizuri, chanzo unakiona. Kaposi alijifunza kazi kwa mtindo huo huo: angalia, angalia tena, andika.

Mwaka 1872 aliandika kuhusu wagonjwa watano wenye saratani ambayo leo inaitwa kwa jina lake. Lakini miaka hiyo hiyo ya 1870 alieleza pia hali nyingine ya ajabu. Ngozi ya mtu mwenye umri mdogo inakuwa kavu na nyembamba, inajaa madoadoa, kisha inaota uvimbe wa saratani. Ni kama uzee umemvamia kabla ya ujana kwisha.

Mwaka 1882 aliuita zeroderma pigmentosamu, yaani ngozi kavu yenye madoa ya rangi. Kwa kifupi, XP.

Safari hii hapakuwa na kijidudu. Kaposi aliona kila kilichoonekana kwa macho, lakini chanzo kilikuwa kimejificha mbali zaidi, ndani ya kiini cha seli. Mwaka 1869 mwanasayansi Friedrich Miescher alikuwa amechuja kutoka kwenye usaha wa bandeji kitu kigeni, ambacho sasa tunakijua kama DNA. Wakati huo hakuna aliyejua kazi yake, wala aliyekihusisha na wagonjwa wa Vienna.

Hebra alifariki 1880, na Kaposi akarithi kliniki. Naye alifariki Vienna mwaka 1902, akiwa na miaka 64, bila kujua kwa nini watoto wale waliugua.

Jibu la 1968

Mwaka 1968, huko California, mtafiti James Cleaver alichukua seli za ngozi za watu wenye XP na kuzimulika kwa mionzi ya urujuanimno, ile iliyomo kwenye mwanga wa jua. Seli za watu wa kawaida ziliharibika, kisha zikajitengeneza. Za wagonjwa ziliharibika vilevile, ila ukarabati haukwenda kama inavyotakiwa.

Basi, hapo ndipo kitendawili cha Kaposi kilipoteguka. Jua linawapiga watu wote. Tofauti ni kwamba kwa wagonjwa hawa, mafundi wa ndani ya seli hawafanyi kazi.

Mafundi hao ni protini, nyingi zikiwa vimeng'enya. Mionzi ya jua ikiipiga DNA, herufi mbili zilizokaa jirani zinaweza kugandana, na uzi ukapinda. Protini iitwayo XPC inapita ikipapasa, ikitafuta mahali ambapo nyuzi mbili za DNA hazishikani vizuri. Kasoro ndogo inayoweza kupitwa hukamatwa kwanza na nyingine, XPE.

Kisha wanaitwa wenzao. Wawili wanafumua nyuzi. Wengine wawili wanakata, mmoja kila upande wa kasoro, na kipande cha herufi kama 30 kinatolewa. Kimeng'enya kingine kinajaza pengo kwa kufuata uzi wa pili ambao bado ni mzima, na cha mwisho kinaunga. Ni kama fundi anayekata sehemu ya kanga iliyoungua na kuweka kiraka kwa kufuatisha maua.

Fundi mmoja akikosekana, makosa yanarundikana. Yakigusa sehemu zinazoongoza ukuaji wa seli, saratani inaanza. Ugonjwa unarithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, ambao mara nyingi wao wenyewe ni wazima kabisa.

Bado hauna tiba

XP ni nadra, lakini inapatikana duniani kote, Afrika ikiwemo. Ni tofauti na ualbino: mwenye ualbino anapungukiwa rangi inayokinga ngozi, ilhali mwenye XP anapungukiwa uwezo wa kukarabati. Wote wanahitaji kujikinga na jua.

Mpaka leo hakuna dawa ya kuuponya. Kinachookoa maisha ni kuugundua mapema: mtoto anayebabuka vibaya baada ya kukaa juani kidogo tu, au anayejaa madoadoa usoni akiwa bado mdogo, apelekwe kwa daktari. Nguo ndefu, kofia, miwani na mafuta ya kukinga jua vinamwongezea miaka.

Zile herufi X na P kwenye majina ya mafundi wa DNA zimetoka kwenye jina alilotoa Kaposi mwaka 1882. Hakuwahi kuwaona mafundi hao. Aliona tu watoto ambao mafundi wao hawakuja kazini, akaandika.