Joy Adamson: Sura Zimebaki, Majina Yako Wapi?

Baba Dogo, upande wa mashariki wa jiji la Nairobi, ni mtaa wa viwanda na vyumba vya kupanga. Katika ploti moja utamkuta Mturkana, Mkamba, Mluo, Mgikuyu, na pengine Mdigo au Mgiriama aliyetoka kwetu pwani kutafuta riziki akaselelea huko huko. Watoto wao hucheza ua mmoja na kusema lugha moja. Ukipanda matatu mtaani hapo, ukashika Barabara ya Thika mpaka Pangani na Ngara, safari si ndefu kufika katika Makumbusho ya Taifa. Humo ndimo zinamohifadhiwa picha za watu wa kizazi cha babu na bibi za watoto hao, zilizochorwa kwa mkono wa mwanamke mmoja wa kigeni zaidi ya miaka sabini iliyopita.

Mwanamke huyo ni marehemu Joy Adamson. Ulimwengu unamjua kwa habari za simba jike aliyeitwa Elsa. Lakini kabla ya Elsa kuzaliwa, bibi huyu alikuwa amekwisha kufanya kazi kubwa ambayo kwetu sisi wenyeji ina maana zaidi kuliko habari za simba.

KUZALIWA NA KUHAMIA KENYA

Alizaliwa tarehe 20 Januari 1910 katika mji wa Troppau, uliokuwa chini ya dola ya Austria na Hungary. Leo mji huo huitwa Opava na umo katika nchi ya Czech. Wazazi wake walimwita Friederike Viktoria Gessner. Alisomea Vienna, akajifunza kupiga piano na kuchonga sanamu.

Mwaka 1935 aliolewa na Viktor von Klarvill. Mumewe alikuwa wa asili ya Kiyahudi, na wakati ule upepo wa Wanazi ulikuwa umekwisha kuanza kuvuma Ulaya. Basi mwaka 1937 mke akatangulia Kenya kutazama kama nchi ingewafaa. Mtu hupanga lake na Mwenyezi Mungu akapanga lake. Melini alikutana na Peter Bally, Mswisi mtaalamu wa mimea, na ndoa ya kwanza ikavunjika. Mwaka 1938 akaolewa na Bally, na ndiye aliyembandika jina la Joy, maana yake Furaha.

Bally alikuwa akifanya kazi katika Makumbusho ya Coryndon, jina la zamani la Makumbusho ya Taifa. Yeye akichuma mimea, mkewe huichora. Hapo ndipo mkono wa bibi huyu ulipopata ustadi wa kutazama kitu kwa makini, jani kwa jani, rangi kwa rangi. Mwaka 1947 chama cha kifalme cha kilimo cha bustani cha Uingereza kilimtunukia nishani ya dhahabu ya Grenfell kwa picha zake za maua.

Wakati huo alikuwa amekwisha kuolewa mara ya tatu. Mwaka 1944 alifunga ndoa na George Adamson, Bwana Nyama wa Jimbo la Kaskazini, akahamia Isiolo. Mumewe alikuwa akizunguka jangwani kwa miguu, kwa ngamia na kwa lori, naye akifuatana naye. Katika safari hizo aliwaona Wasamburu, Warendille, Waborana na Waturkana majumbani mwao, na polepole akaacha kuchora maua akaanza kuchora nyuso.

KAZI YA SERIKALI

Mwisho wa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilimpa kazi rasmi: azunguke nchi na kuchora watu wa makabila zaidi ya ishirini wakiwa katika mavazi na mapambo yao ya asili, kabla mambo hayo hayajatoweka. Bibi Adamson akaishika kazi hiyo kwa miaka kadhaa. Alikwenda kwenye baridi ya milima na kwenye joto la Ziwa Turkana, ambalo wakati ule liliitwa Rudolf. Alikwenda magharibi kwa Waluo na Waluhya, na huku kwetu kwa Wamijikenda. Alipomaliza, picha za watu zilikuwa zimepita mia tano.

Aliyewahi kuzitazama atakiri kwamba mkono ule haukuwa wa mzaha. Ushanga umechorwa hata rangi zake zaweza kuhesabiwa. Nywele zilizosukwa na kupakwa udongo mwekundu, masikio yaliyotobolewa, ngozi za kolobusi, manyoya ya mbuni na ngao zilizopakwa rangi, kila kitu kimewekwa mahali pake. Nyuso nazo hazifanani. Huyu ana uchovu, yule ana kiburi, na mwingine yuaonekana kama anayejiuliza huyu mama wa Kizungu anataka nini. Nguo na mapambo mengi yaliyomo humo hayavaliwi tena ila siku za sherehe, na mengine hayapo kabisa. Mtu wa leo anayetaka kujua mzee wa zamani alivaaje siku ya tambiko, au kijana alipambwaje alipotoka jandoni, hana budi kurejea kwenye picha hizo. Hiyo ni fadhila, na mwenye fadhila hanyimwi haki yake.

Ama upo upande wa pili wa shilingi hiyo. Serikali iliyotaka mapambo ya Mwafrika yahifadhiwe ndiyo hiyo iliyokuwa imewavika wanaume vipande shingoni, ndani ya vikopo vya chuma, kwa muda wa miaka mingi. Na kazi ya kuchora ilipokuwa ikiendelea, mwezi Oktoba 1952 hali ya hatari ilitangazwa. Maelfu ya Wagikuyu, Waembu na Wameru wakatiwa kambini na wengine wakanyongwa. Uzee wa Mgikuyu ulikuwa ukitunzwa karatasini, na wakati huo huo mwanawe amefungwa nyuma ya seng'enge.

JINA NA SURA

Hapa msomaji wa pwani atanivumilia, kwani sisi tuna njia yetu. Tangu chuoni tumefunzwa kujihadhari na kuchora kiumbe chenye roho, na maulamaa wamelizungumza jambo hilo kwa urefu. Ndiyo maana mapambo yetu yamekuwa ni maandishi na nakshi za milango. Kumbukumbu zetu tumeziweka katika jina. Msikiti wa Kizimkazi kule Unguja una maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia, na humo limetajwa jina la aliyeamuru ujengwe. Sura yake hatuijui, lakini jina lake twalisoma hata leo. Fulani bin fulani bin fulani: hiyo ndiyo picha yetu.

Kwa Bibi Adamson mambo yalikuwa kinyume. Sura zimebaki, lakini nyingi katika picha hizo hutambulishwa kwa kabila na hali tu: mzee wa Kikamba, shujaa wa Kisamburu, bibi harusi wa kabila fulani. Mtu aliyekaa kimya saa nzima juani apate kuchorwa amekuwa mfano wa kabila lake, na jina alilopewa na baba yake limepotea.

Sasa mtazame Elsa. Mwezi Februari 1956 George Adamson alimuua simba jike aliyemshambulia, akakuta ameacha watoto watatu. Mmoja wao akalelewa nyumbani na kupewa jina. Alichukuliwa hata pwani, kaskazini karibu na mpaka wa Somalia, akatembezwa ufukweni. Mwaka 1960 kikatoka kitabu juu yake kilichosomwa dunia nzima, na mwaka 1966 filamu. Elsa alikufa mwaka 1961, na kaburi lake liko katika mbuga ya Meru mpaka leo, lina jina. Kitabu cha picha za watu wa Kenya kilitoka mwaka 1967, na hakikupata hata robo ya sifa zile. Simba ana jina na kaburi. Binadamu ana sura bila jina. Sisemi haya kwa kumlaumu maiti. Nataka tupime dunia ilitaka kusikia nini kutoka kwetu.

MWISHO WAKE

Tarehe 3 Januari 1980 Bibi Adamson aliuawa katika mbuga ya Shaba, akiwa amebakiza siku chache kutimiza miaka sabini. Kwanza ilienea habari kwamba ameuawa na simba, kisha ikadhihirika kuwa ni mkono wa mtu. Aliyekuwa mfanyakazi wake alionekana na hatia mahakamani mwaka 1981. Mumewe George naye aliuawa na majambazi huko Kora mwezi Agosti 1989.

Picha zimebaki mikononi mwa taifa, na kazi iliyosalia ni yetu. Aliyechorwa akiwa kijana mwaka 1950, kama yu hai, sasa ni mkongwe wa miaka tisini na zaidi. Wanawe na wajukuu ndio hao walioenea mijini, Baba Dogo na kwingineko. Jina la mtaa huo lenyewe ni la udugu, nalo latukumbusha kwamba ndugu hutambuliwa kwa jina. Walimu na wazazi na wawapeleke watoto Makumbusho, na wakongwe wakiweza kwenda wafuatane nao. Huenda mmoja akasimama mbele ya picha akasema: huyu ni fulani bin fulani, wa kijiji fulani. Siku hiyo mwenye Makumbusho na ashike kalamu aandike.