Mfungwa wa Serikali Mbili

Mtu atokaye mjini Dar es Salaam kwa Barabara ya Pugu, ambayo leo yaitwa Barabara ya Nyerere, hupita mahali patatu pafaapo kutafakariwa. Kwanza, upande wa Temeke, huiona stesheni kuu ya reli ya TAZARA. Akisha kuupita uwanja wa ndege hufika Ukonga, penye gereza. Akizidi kwenda mbele hufika Pugu, penye shule ya Wamisioni alikofundisha Mwalimu Julius Nyerere hata mwaka 1955, alipouacha ualimu ili aishike kazi ya TANU. Reli, gereza na shule: njia hiyo moja yatukumbusha habari za marehemu Abdulrahman Mohamed Babu, nazo yafaa zikumbukwe na kila apendaye amani ya nchi hii.

Babu alizaliwa Unguja mwaka 1924. Asili yake ilikuwa ya Kiarabu na ya Kingazija, yaani alitoka katika jamaa zilizokuwa chache kwa hesabu katika visiwa vile. Wazazi wake walifariki angali mdogo, akalelewa na jamaa zake. Alifanya kazi ya ukarani katika biashara ya karafuu, kisha mwaka 1951 akaenda London kusoma. Aliporudi mwaka 1957 alifanywa Katibu Mkuu wa chama cha ZNP, kilichojulikana kwa jina la Hizbu.

Siku zile siasa za Unguja na Pemba zilikuwa zimekwisha kuingiwa na sumu ya asili. Mtu hakuulizwa ana shauri gani, bali aliulizwa babu yake alitoka wapi. Babu aliwapinga Waingereza kwa maneno makali, nao mwaka 1962 wakamtia gerezani kwa shitaka la uchochezi. Alipotoka mwaka 1963 aliona kwamba chama chake chenyewe kimefungwa na ukabila, akakiacha, akaanzisha chama cha Umma, ambacho alitaka kikusanye watu wa kila asili.

Uhuru wa Zanzibar ulikuja tarehe 10 Desemba 1963, na mwezi mmoja baadaye, tarehe 12 Januari 1964, yakatokea Mapinduzi. Maelfu ya watu waliuawa, wengi wao Waarabu, na wengine wengi wakaikimbia nchi. Babu alifanywa Waziri wa Mambo ya Nje katika Serikali ya Mapinduzi, na baada ya Muungano akawa Waziri katika Serikali ya Tanzania. Alikuwa miongoni mwa watu waliofungua mlango wa urafiki kati yetu na China, na reli ya TAZARA ni tunda mojawapo la urafiki huo.

Hapa hapana budi tuseme jambo lisilopendeza. Katika miaka ile ambayo Babu alikuwa Waziri, watu wengine walikuwa gerezani pasipo kuhukumiwa. Mmoja wao alikuwa Sheikh Ali Muhsin Barwani, kiongozi wa chama kile kile cha Hizbu, ambaye alikaa miaka kumi katika magereza ya Bara. Hatusemi kwamba Babu ndiye aliyemfunga. Lakini Serikali aliyoitumikia ilikuwa na sheria ya mwaka 1962, iliyomwezesha Rais kumweka mtu kizuizini bila kumpeleka mbele ya hakimu. Wengi waliokuwa madarakani waliiona sheria hiyo kuwa ngao ya taifa changa. Wachache walifikiri kwamba siku moja yaweza kuwageukia wao.

Siku hiyo ilifika. Mwezi wa Februari 1972 Babu aliondolewa katika uwaziri. Tarehe 7 Aprili mwaka huo huo Sheikh Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar, aliuawa kwa risasi huko Kisiwandui. Lilikuwa tendo ovu, lililowatia uchungu watu wengi. Babu alikamatwa muda si mrefu baadaye pamoja na wenzake waliokuwa wa chama cha Umma. Yeye aliyefungwa na wakoloni kwa kuutaka uhuru, sasa alifungwa na Serikali ya nchi huru. Reli ya kwenda Zambia ilimalizika mwaka 1975 naye yu gerezani.

Huko Unguja kesi ya uhaini ilisikilizwa pasipo mawakili wa kuwatetea washtakiwa, na mwaka 1974 Babu akahukumiwa kufa, hali hakuwapo mbele ya mahakama hiyo. Mwalimu Nyerere hakukubali kumpeleka Unguja, na kwa kukataa huko aliyaokoa maisha yake. Lakini hakumfungulia mlango wala hakumfikisha mbele ya mahakama ya Bara. Mtu yule yule alimwepusha mwenziwe na kifo, naye akamnyima hukumu ya haki. Yatupasa kuyasema yote mawili, maana mwenye kusema moja tu hasemi kweli iliyo kamili.

Babu alifunguliwa mwaka 1978, baada ya miaka sita. Alikwenda Marekani akafundisha katika vyuo vikuu, kisha akakaa London. Kitabu chake juu ya ujamaa wa Afrika, alichokiandika kizuizini, kilipigwa chapa mwaka 1981. Vyama vingi viliporudi alikuja nyumbani kuingia tena katika siasa, upande wa NCCR-Mageuzi, katika uchaguzi wa 1995. Alifariki London tarehe 5 Agosti 1996.

Baada ya kufa kwake yalitokea mambo ambayo wengi hawakuyatazamia. Visiwa viliendelea kuumia kwa ugomvi wa uchaguzi, na mwezi wa Januari 2001 damu ilimwagika tena. Lakini mwezi wa Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume, mwana wa yule Rais aliyeuawa, alikutana na Maalim Seif Sharif Hamad, ambaye naye alipata kuwekwa gerezani tangu mwaka 1989 hata 1991. Wakapatana. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi wa Zanzibar walipiga kura, na theluthi mbili hivi wakakubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Mwana wa aliyeuawa na mtu aliyefungwa walipeana mikono mbele ya watu.

Upatanisho huo ulikuwa jambo kubwa, lakini mkono wa viongozi hautoshi. Kumfungulia mfungwa si sawa na kumpa haki yake. Babu alitoka gerezani bila mahakama ya Bara kuyapima yaliyosemwa juu yake. Jamaa za waliouawa mwaka 1964 hawakupata mahali pa kuyaeleza yao. Na watu wa nyumba ya Karume nao wana msiba wao. Jeraha lililofunikwa bila kuoshwa halikosi kutunga usaha.

Haki za raia zilitiwa katika Katiba mwaka 1984, na sheria ile ya kizuizini ikarekebishwa mwaka uliofuata. Ni vema. Lakini sheria hulindwa na mioyo ya watu. Katika mitaa ya Kinondoni na Temeke tunakaa pamoja, Wazaramo na Wangazija, Waarabu na Wahindi, watu wa Bara na watu wa Visiwani. Jirani akikamatwa, tusianze kuuliza asili yake ili tujue kama tumhurumie. Tuulize ameshitakiwa kwa kosa gani, na lini atasimama mbele ya hakimu. Swali hilo Babu alistahili kuulizwa kwa ajili yake mwaka 1972, kama vile Ali Muhsin alivyostahili mwaka 1964. Taifa litakaloliuliza kwa ajili ya kila mtu, hata yule lisilompenda, ndilo litakalopatana kweli.