Dakta John Snow na Bomba la Broad Street

Mara nyingi tukitajiwa hesabu twaamini upesi. Leo twamkumbuka daktari aliyeuliza kwanza.

John Snow alizaliwa York, Uingereza, mwaka 1813, mtoto wa kibarua. Alisoma kwa bidii hata akawa daktari, naye ndiye aliyempa Malkia Victoria dawa ya kutuliza maumivu alipojifungua mwaka 1853.

Mwisho wa Agosti 1854 kipindupindu kilizuka Soho, London, kikaua watu zaidi ya 600. Wataalamu wengi walisema uvundo ndio unaoua, kwa kuwa palipokuwa na uvundo ndipo vifo vilipozidi. Snow alishuku maji ya bomba la mkono la Broad Street. Akawatafuta watu ambao habari zao hazikupatana na maneno ya uvundo. Katika kiwanda cha pombe cha mtaa ule ule walikuwamo wafanya kazi zaidi ya 70, wakivuta hewa ile ile, wala hakufa hata mmoja. Maji ya bomba lile hawakuyanywa. Lakini mjane mmoja wa Hampstead, mbali na Soho, alikufa. Yeye aliyapenda maji hayo, akiletewa nyumbani.

Tarehe 8 Septemba mpini wa bomba uliondolewa. Hapo wengi wangejisifu. Snow alikiri kwamba ugonjwa ulikuwa umekwisha kuanza kupungua, maana watu wengi walikuwa wamekimbia.

Henry Whitehead, kasisi msaidizi wa Kanisa la Mtakatifu Luka mtaani humo, hakumsadiki. Alikwenda nyumba kwa nyumba ili kuonyesha kosa lake, akiuliza habari za waliokufa na za waliopona pia. Mwisho akageuka mwenyewe. Aligundua kwamba maji yaliyofuliwa nguo za mtoto mchanga aliyeugua yalimwagwa katika shimo la uchafu karibu na kisima cha bomba lile.

Snow alikufa mwaka 1858, kabla wengi hawajamkubali.

Basi, tukiambiwa kwamba watu kadhaa walikunywa dawa fulani wakapona, tuulize: Je, wasioinywa walikuwaje? Ni nani waliohesabiwa, na ni nani walioachwa? Kuuliza hivyo si upungufu wa imani. Kasisi Whitehead aliuliza, akaifikia kweli, wala hakuona haya kuikiri.