Mirambo na Vita vya Tabora

Msafiri atokaye Singida, akishapita Shelui, huikabili mbuga ya Wembere, na ng'ambo yake ni nchi za Wanyamwezi. Huko alitawala Mirambo, ambaye wengi humjua kwa sifa ya ushujaa tu. Sisi twapenda kuyatazama mapatano yaliyomtia yeye na jirani zake vitani.

Mwanzo wa mambo haukuwa wake. Karibu na mwaka 1860 Mnywa Sere, mtemi wa Unyanyembe, aliwatoza ushuru wafanyabiashara Waarabu wa Tabora. Wao wakamwondoa kwa nguvu, wakamweka Mkasiwa mahali pake. Mnywa Sere akashika msitu, akaisumbua misafara kwa miaka, hata mwaka 1865 akakamatwa na kukatwa kichwa. Tangu hapo Mkasiwa hakuweza kutawala pasipo bunduki za Waarabu, wala Waarabu kufanya biashara pasipo Mkasiwa. Adui wa mmoja hakuwa na budi kuwa adui wa wote wawili.

Naye Mirambo, mtemi wa Uyowa, alikuwa amejikusanyia rugaruga, vijana waliokula kwa nyara, na jeshi la namna hiyo halikai bure. Mwaka 1871 akaifunga njia ya Ujiji. Waarabu wakatoka kumwadhibu pamoja na watu wa Mkasiwa. Hata Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, akajiunga nao, ingawa ugomvi haukuwa wake. Waliteka ngome, wakashangilia. Lakini walipokuwa wakirudi na nyara zao, Mirambo aliwavizia. Mwezi wa Agosti akaiingia Tabora yenyewe, akaichoma sehemu yake, na Khamis bin Abdallah akauawa. Seyyid Barghash wa Unguja alipeleka askari, wasifaulu. Ugomvi wa ushuru wa mtemi mmoja ulikuwa umefika pwani! (Mwaka 1914 mauaji ya Sarajevo yaliwaburuta Wazungu vivyo hivyo, na vita vyao vikaifikia Tabora hiyo hiyo, iliyotekwa na Wabelgiji Septemba 1916.)

Mirambo hakuwa mpenda damu tu. Alijua thamani ya amani. Mwaka 1876 alichanjiana damu na Stanley yule yule, akatafuta urafiki wa Kirk, balozi wa Waingereza Unguja. Urafiki huo uliharibiwa na urafiki mwingine. Mwaka 1880, akiwa pamoja na Simba wa Usavira, alishambulia Pimbwe. Humo walikuwamo Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, nao wakauawa. Kirk akamgeuzia kisogo.

Alifariki tarehe 2 Desemba 1884. Mapatano yake yalikuwa yamefungwa kwa nafsi yake, kwa hiyo yakafunguka mara moja, na watemi wakarudi kushindana. Wajerumani walipofika, kila mmoja alikuwa peke yake. Januari 1893 Isike wa Unyanyembe, ngome yake ilipovunjwa, aliiwasha baruti aliyoihifadhi ndani.