Kabla ya Ikulu: Roosevelt, mbunge aliyegeuka bosi wa polisi na kufunga baa Jumapili

Wengi wanamjua Theodore Roosevelt kama rais wa Marekani, au yule mzungu aliyeshuka melini Mombasa Aprili 1909 kuja kuwinda simba. Ila kabla ya hapo alikuwa mbunge wa jimbo, kisha bosi wa polisi New York. Kazi hiyo ya pili ilimpa maadui kibao.

Alichaguliwa kuingia Bunge la jimbo la New York mwaka 1881, akiwa na miaka 23 tu. Kule Albany wakongwe walimcheka: mtoto wa tajiri, miwani puani, sauti nyembamba. Kicheko hakikudumu. Mwaka 1882 alidai jaji Theodoric Westbrook achunguzwe kwa madai ya kumbeba tajiri wa reli, Jay Gould. Kamati ilimsafisha jaji, lakini jina la kijana likaanza kuvuma.

Februari 1884 akiwa bungeni, telegramu ikamwita nyumbani. Tarehe 14 mama yake na mkewe Alice walifariki siku moja, ndani ya nyumba moja. Alice alikuwa amejifungua siku mbili tu kabla. Mwaka huohuo Roosevelt aliacha ubunge, akaenda Dakota kufuga ng'ombe. Huko alikuwa pia naibu sherifu, na mwaka 1886 aliwafukuza mtoni wezi watatu walioiba boti yake mpaka akawakamata.

Mei 1895 akawa rais wa bodi ya polisi New York. Jeshi lilikuwa limeoza. Uchunguzi wa Seneti ya jimbo ulikuwa umeanika kila kitu: vyeo vinauzwa, baa na madanguro yanalipa polisi ili yasiguswe. Roosevelt alizunguka usiku na mwandishi Jacob Riis, akiwanasa askari waliolala lindoni au waliokuwa wanakunywa. Akaleta mafunzo ya shabaha na kikosi cha baiskeli.

Kisha akagusa pabaya. Sheria ilikataza kuuza pombe Jumapili, ila baa ziliuza kwa mlango wa nyuma na polisi wakala chao. Kwa Roosevelt, sheria isiyotekelezwa ndiyo ilikuwa mama wa rushwa. Akaamuru baa zifungwe kweli.

Tatizo ni kwamba Jumapili ndiyo siku pekee ya mapumziko kwa wafanyakazi, huku matajiri wakiendelea kunywa kwenye klabu zao. Septemba 1895 Wajerumani wa jiji hilo waliandamana kwa maelfu. Roosevelt alienda kuwatazama, akicheka. Novemba chama chake kikapigwa kwenye uchaguzi wa jiji.

Mwaka 1896 Bunge lilelile la Albany likapitisha sheria mpya: hoteli yenye vyumba 10 iruhusiwe kuuza pombe Jumapili pamoja na chakula. Baa zikaweka kuta za mbao, zikajiita hoteli. Mezani inawekwa sandwichi ambayo hakuna anayeila, na vyumba vingi vikageuka madanguro.

Aprili 1897 Roosevelt aliondoka, na rushwa ikarudi polisi. Yeye akapanda: gavana mwaka 1899, rais Septemba 1901 baada ya McKinley kuuawa. Alifariki Januari 6, 1919, akiwa na miaka 60.